Jenereta barazani, plagi pande mbili, na watoto wanaoamka na kichwa

Swali: "Shikamoo mhandisi. Tuko Kilwa Masoko, nyumba ya vyumba vitatu, watu saba. Upepo wa Jumamosi uliangusha nguzo mbili mtaani na leo ni siku ya tano hatuna umeme. Mume wangu ameazima jenereta ndogo ya petroli. Usiku tunaiweka baraza ya nyuma kwa kuogopa wezi, madirisha tunaacha wazi. Ametengeneza waya wenye plagi pande zote mbili: moja kwenye jenereta, nyingine kwenye soketi ya sebuleni, na nyumba nzima inawaka. Fundi mmoja katuambia tutaua mtu, mwingine kasema hayo ni maneno ya mafundi wanaotafuta kazi. Nani mkweli? Kwenye friza kuna jodari na nguru wa biashara, na mama mkwe anaweka humo dawa yake ya sukari ya kuchoma. Halafu kuna waya umelala juu ya mwembe wa jirani, lakini hautoi cheche. Na umeme ukirudi tufanyeje friji isiungue kama ya mwaka juzi? Watoto nao wanaamka wakilalamika kichwa, mmoja katapika jana, nadhani ni malaria maana mbu wamezidi."

Marahaba dada yangu, na poleni sana. Umeniuliza mambo manne ya umeme na nitayajibu yote, lakini naomba nianze na lile uliloliweka mwishoni kabisa. Watoto wanaamka na kichwa, mmoja ametapika, na usiku kucha jenereta inaunguruma barazani. Wapeleke hospitali leo hii, usingoje kesho. Wapimwe malaria, sawa, lakini umwambie daktari maneno haya kabla hujakaa vizuri kwenye kiti: "Tumelala siku kadhaa na jenereta karibu na dirisha." Usipoyasema, malaria ndiyo itakayotafutwa peke yake, kwa sababu dalili zinafanana: kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea. Angalia pia jambo moja. Kama wanapata nafuu wakishinda nje mchana, na kichwa kinarudi wakiamka, basi homa ya mbu haina ratiba ya namna hiyo. Na kama nawe na shemeji vichwa vinawauma, nendeni wote.

Kinachonitia hofu ni gesi inayoitwa kaboni monoksidi. Injini yoyote ya petroli huitoa, na mkaa huitoa pia. Haina rangi, haina harufu, haiwashi koo. Ule moshi unaouona na kuukimbia si wenyewe, ndiyo maana jiko la mkaa lililokolea vizuri, lisilo na moshi hata kidogo, huwadanganya watu wakaliingiza chumbani. Damu yetu hubeba hewa safi kwa kitu kiitwacho hemoglobini. Kaboni monoksidi huing'ang'ania hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anapumua vizuri tu, kifua kinapanda na kushuka, lakini damu imeshajaa mgeni asiyetoka upesi, na ubongo unakosa hewa kimyakimya. Aliyelala hazinduki akajua kuna tatizo. Usingizi unazidi kuwa mzito tu. Watoto huathirika mapema kwa sababu hupumua haraka kuliko sisi, na mjamzito, kama yupo nyumbani, mtoto aliye tumboni ana hatari kubwa zaidi.

Madirisha wazi hayatoshi. Najua inaonekana kama yanatosha, maana upepo wa bahari mnausikia. Lakini upepo huohuo ndio unaousukuma moshi wa baraza ya nyuma kuingia vyumbani, na ukishaingia unakaa. Jenereta ikae nje uani, angalau mita 6 kutoka ukutani, na bomba la moshi lielekezwe mbali na nyumba yako na ya jirani pia. Maziwa hayatibu. Nimewakuta wazazi wanamnyweshea mtoto maziwa wakiamini yanaosha sumu, na huku dakika zinakwenda. Sumu hii haiko tumboni, iko ndani ya damu, na tiba yake ni oksijeni. Mtu akitolewa nje kwenye hewa ya kawaida, kiasi cha gesi kwenye damu huchukua saa nne hadi tano kupungua kwa nusu. Akivalishwa barakoa ya oksijeni hospitalini ni kama saa moja au moja na nusu. Na kile kidude wanachokubana kidoleni kupima oksijeni, hapa hukosea: hakiwezi kutofautisha damu yenye oksijeni na damu yenye gesi hii, kinaweza kuonyesha 98 na mtu yuko hatarini. Ndiyo maana nimesisitiza umweleze daktari habari za jenereta kwa mdomo wako.

Ukimkuta mtu hazinduki, mtoe nje kwanza, kisha zima injini, kisha piga kelele upate msaada. Usiingie kukaa mle ndani kumpepea.

Sasa turudi kwenye waya wa shemeji. Fundi wa kwanza amesema kweli. Wa pili naye hakutunga yote, na nitakueleza alipopatia na alipokosea, maana ukijua sababu utamshawishi mume wako vizuri kuliko ukimwambia "mhandisi kakataza".

Transfoma ya mtaani kwenu inapokea umeme mkubwa, mara nyingi volti 11,000 au 33,000, na kuushusha hadi 400 kati ya fezi (waya unaoleta umeme) na fezi, au 230 kati ya fezi na nyutro (waya wa kuurudisha), ndizo zinazofika kwenye soketi yako. Lakini transfoma haijui upande upi ni wa kuingilia. Ukiisukumia umeme kutoka chini, nayo inaupandisha kwenda juu kwa uwiano uleule. Jenereta yako ikiwasha soketi ya sebuleni, umeme unapita kwenye waya za nyumba, unapitia meinswichi, unapitia mita ya LUKU, unatoka hadi nguzoni. Ukikuta njia nzima hadi kwenye transfoma, volti 230 za jenereta ya kuazima zinaweza kutokea upande wa pili zikiwa 11,000. Hata zisipofika huko, hizo 230 zenyewe kwenye waya wa nguzo zinatosha kumuua mtu aliyeushika akiamini umezimwa. LUKU usiitegemee ikukinge. Kazi yake ni kuhesabu uniti.

Fundi wa pili huenda ameona kitu hiki: mtu akifanya hivyo siku ya kawaida, nyumba arobaini za mtaa zinaanza kunywa kutoka jenereta moja, injini inalemewa na kuzimika papo hapo. Hiyo ni kweli. Ila nyie nguzo mbili zimelala chini. Waya umekatika karibu, na kipande kilichobaki upande wenu huenda kina nyumba tatu tu. Mzigo ni mdogo, jenereta haizimiki, na umeme unakaa kwenye kipande kilekile ambacho kikosi cha dharura kitakuja kukishika kwa mikono. Kinachoifanya isionekane hatari siku za kawaida, dhoruba imekiondoa.

Nilikuwa kijana kwenye kikosi cha laini cha kampuni moja tulipopata somo hili. Laini ilizimwa, ikapimwa, mwenzangu akapanda. Nguzo chache mbele, mwenye duka akawasha jenereta yake apoze soda. Nilikuwa chini nimeshika kamba ya vifaa, nikaona miguu yake imekakamaa na koleo linaanguka. Mkanda ndio uliomshika asidondoke. Aliishi, lakini kiganja chake cha kulia mpaka leo hakifungi ngumi. Siku hizi watu wa laini hufunga waya wa ardhi kabla ya kugusa chochote, na hilo limeokoa wengi, ila si kila aliyeko juu ya nguzo baada ya dhoruba ni wa kikosi. Wapo vishoka, yaani mafundi wasio na kibali, yupo jirani anayetaka kusogeza waya apite na gari.

Shemeji anaweza kusema, "Mimi nazima meinswichi kwanza." Akiizima kweli, ikakata fezi na nyutro, mtaa uko salama kwa wakati huo. Lakini inabidi akumbuke kila siku, kila saa, naye pengine kaamshwa saa nane usiku mtoto analia gizani. Au hayupo, na kijana wa nyumbani ndiye anayewasha. Siku umeme wa TANESCO utakaporudi na meinswichi haijazimwa, utakutana na jenereta njiani, na jenereta itaungua, pengine na moto juu yake. Na ule waya wenyewe: plagi ikichomoka sebuleni jenereta ikiwa inawaka, yale meno matatu yana umeme, yako sakafuni, na nyumba ina watoto. Ukateni leo. Msiuhifadhi kwa ajili ya siku nyingine.

Mbadala wake hauna gharama kubwa. Tumieni ekstensheni nene, ikunjuliwe yote isiwe imezungushwa kama kamba ya ndoo, itoke kwenye jenereta uani hadi kwenye friza moja kwa moja. Washeni friza peke yake kwanza, maana kompresa, yaani mota ya friza, inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake. Ikishatulia ongezeni taa na chaji za simu. Kuhusu wezi, nawaelewa, lakini dawa si kulala nayo. Friza haihitaji umeme saa 24. Ikiwa imejaa na haifunguliwi ovyo, kuiwasha kwa muda wa saa mbili au tatu asubuhi, na muda kama huo jioni, kunatosha kuibakiza na barafu. Usiku jenereta inazimwa, inapoa, inafungwa kwa mnyororo au inaingizwa stoo iliyo mbali na vyumba. Taa ya sola ya chumbani inawatosha hadi asubuhi, na petroli mtaokoa zaidi ya nusu. Kuongeza mafuta ni mpaka injini ipoe. Kidumu cha petroli hakilali ndani.

Baadaye, mkijaliwa, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati, awafungie chenji-ova. Ni swichi yenye nafasi tatu: TANESCO, sifuri, jenereta. Kwa jinsi ilivyoundwa haiwezi kushika pande mbili kwa pamoja, hata anayeigeuza akiwa amesinzia. Nyumba nzima itawaka kama shemeji anavyotaka, bila kumpelekea mtu mauti nguzoni. Kwa pwani yetu hii siioni kuwa anasa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitua Mafia na mvua zake zikaumiza Lindi na Mtwara. Wazee wa Lindi walisimulia kimbunga cha 1952, na Unguja ya 1872 ilipoteza sehemu kubwa ya mikarafuu yake kwa dhoruba. Upepo huu utarudi.

Waya wa mwembeni: nenda sasa hivi kwa jirani, kabla hujamaliza kusoma. Kutotoa cheche hakumaanishi hauna umeme. Ukilala kwenye mti au kwenye mchanga mkavu, umeme unaovuja kwenda ardhini unaweza kuwa mdogo kiasi kwamba vifaa vya kinga kule kituoni havioni tatizo, na laini inabaki hai. Na hata kama leo umekufa, unaweza kufufuka dakika yoyote, ama kikosi kikirudisha umeme upande wa pili, ama jirani mwingine mwenye plagi pande mbili. Mtu yeyote asiukaribie kwa mita 10, asiuguse mti, asitingishe embe, asiegemee uzio wa seng'enge unaougusa, asiusogeze kwa fimbo wala mti wa mwiko. Ardhini umeme husambaa kama viwimbi kutoka pale waya ulipogusa, kila hatua na nguvu yake. Mguu mmoja ukiwa penye volti nyingi na mwingine penye chache, umeme unapanda huku na kushuka kule. Ng'ombe hufa upesi kuliko sisi kwa sababu miguu yake imeachana sana. Mkijikuta mko karibu nao, ondokeni kwa kuburuza miguu ikiwa imegusana, bila kunyanyua. Wekeni mtu mzima wa kuzuia watoto wa mtaa, toeni taarifa TANESCO na kwa mwenyekiti wa mtaa, na kama unawaka moto ni 114, zimamoto.

Samaki sasa. Friza iliyojaa na kufungwa hushika baridi kama saa 48, iliyojaa nusu saa 24, friji ya kawaida saa nne tu. Jenereta imekuwa ikiwasaidia, kwa hiyo mkono wako ndio utakaosema: kama katikati ya samaki bado kuna barafu, ni mzima. Kama amelainika lakini baridi yake ni kama ya friji, mpike leo, au mpasue umtie chumvi umwanike ng'onda wakati bado wa baridi, si baada ya kuanza kunuka. Kwa jodari na nguru nakuomba usibahatishe. Samaki wa aina hii, na vibua pia, wakikaa kwenye joto hujengeka ndani yao kitu kinachoitwa histamini, na kikishajengeka moto haukiondoi, chumvi haikiondoi, kugandisha upya hakukiondoi. Anaweza asinuke hata kidogo. Mlaji anahisi ulimi kuwasha kama pilipili, uso unakuwa mwekundu, moyo unadunda, vipele vinatoka. Najua ni mali ya biashara na hasara inauma, lakini aliyekaa amelainika kwenye joto la chumba kwa saa kadhaa usimuuze na usiwape majirani. Mfukie.

Dawa ya mama ni insulini, na hapa mwenye neno la mwisho ni mfamasia au kliniki yake. Mpigieni mkiwa na kichupa mkononi mumsomee jina. Kwa ujumla kichupa kinachotumika hustahimili joto la chumba lisilozidi digrii 30 kwa takriban wiki nne, kwa hiyo siku tano si mwisho wa dunia. Kinachoiharibu bila kuonekana ni kuganda. Umesema mnaiweka kwenye friza: kama imeganda hata mara moja isitumike, hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Iliyo nzima itoeni humo, itieni kwenye mfuko mkavu uliofungwa, ikae ndani ya chungu kidogo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa chenye unyevu, pembeni penye kivuli na upepo. Maji yakikauka yanachukua joto, kama mtungi wa maji ya kunywa. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, hivyo mtapata digrii chache tu, lakini chache hizo zinatosha kuivusha mchana. Hiyo nzima msiimwage, na mama asiruke dozi kwa kuihofia. Pimeni sukari mara nyingi kuliko kawaida, na ikipanda bila sababu, kliniki.

La mwisho, umeme ukirudi. Friji yako ya mwaka juzi siwezi kuisemea bila kuiona, ila baada ya dhoruba mchawi wa kawaida ni nyutro iliyokatika. Mtaa hupewa fezi tatu, wewe moja, jirani nyingine, na nyote mnarudishia umeme kwenye nyutro moja. Nyutro ikikatika, umeme unatafuta njia nyingine ya kurudi: unapita kwako, unatoka, unapita kwa jirani. Nyumba mbili zinajikuta zinagawana volti 400, na hazigawani sawa. Mwenye vitu vingi vilivyowashwa anapata kidogo, taa zake zinafifia. Mwenye taa mbili na friji anapata karibu zote. Taa zinang'aa kupita kiasi, feni inakimbia, televisheni inatoa harufu, na hayo yote ni ndani ya sekunde.

Kwa hiyo chomoeni kila kitu kwenye soketi za ukutani tangu sasa, friji, televisheni, chaji, na muache taa moja tu, ya barazani, swichi ikiwa imewashwa. Hiyo ndiyo itakayowaambia. Ikiwaka nyeupe kupita kawaida, au ikififia na kupanda, au mtu akigusa bomba au mwili wa friji akasisimkwa, zimeni meinswichi mara moja na mpige simu ya dharura. Msijaribu kitu kingine hadi mafundi waje. Soketi yoyote iliyoingiwa na maji isiwashwe hadi fundi mwenye leseni aipime kwa mega, kipimo cha kuonyesha kama umeme unavuja, hata kama imekauka kwa nje. Lakini taa ya barazani ikiwaka kama siku zote na ikabaki hivyo kwa dakika kumi, chomekeni friji kwanza, msubiri kompresa itulie, ndipo mwingine afuate. Na kabla ya hapo mhakikishe jenereta imezimwa na haijaunganishwa popote.

Ukitoka hospitali niandikie hali ya watoto. Hilo nalisubiri kuliko habari za umeme.